Kuitafutia Mashua ya Tulia Njia ya Bahari

Tangu turudi, kila anayeingia kibandani kwangu kuchukua nguo yake huketi kwanza. Nguo iko tayari, imekunjwa, lakini yeye anavuta kiti na kuuliza, "Sasa Mama Mumo, huko kulikuwaje?" Nimesimulia mpaka cherehani inaanza kushika kutu. Ndiyo maana nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome polepole, mimi niendelee na kazi yangu.

Tulia, kabla ya kuondoka

Mambo yenyewe mnayajua nusu. Mume wangu Kyalo alifanya kazi Mombasa miaka ishirini na miwili, kwenye karakana ya kutengeneza mashua za matanga. Alipiga randa, aligonga misumari, alipaka rangi, lakini safari zilikuwa za wenye mashua. Ikishateremka majini, yeye alirudi ndani kufagia takataka za mbao. Alipostaafu akaja nyumbani hapa Tulia na sanduku la vifaa na wazo moja tu: ajenge yake mwenyewe, aishushe kwa mto Athi, aifikishe baharini, kisha aipeleke kwa tanga mpaka mbele ya ile karakana, wamwone.

Aliijenga miaka mitatu kando ya jikoni langu, mahali ambapo maji ya karibu ni yale ya mtungi. Wazee wakipita walimuuliza huo ni mzinga wa namna gani, na nyuki wa kuujaza atawatoa wapi. Kyalo alicheka nao. Ni mtu wa kucheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu niliogopa. Kyalo hajui kuogelea. Tanga nililishona mimi, kwa uzi maradufu, maana kama ni kwenda basi asiende na tanga bovu, lakini kila mshono nilioupiga nilikuwa nikimwona chini ya maji. Nilitaka mume wangu azeeke. Sikutaka kitu kingine.

Mpango wake ulikuwa huu. Mvua ya Novemba ikijaza mto, lori litaipeleka mashua Kanyangi, na pale itaingia Athi. Itashuka na maji mpaka kwenye daraja la barabara ya kwenda Kibwezi. Kupita daraja, mto ukizidi kushuka, kuna hifadhi ya wanyama na maporomoko, kwa hivyo hapo itapanda lori tena, izunguke, irudi mtoni karibu na mwisho wake, kule unakoitwa Sabaki. Desemba itatokea baharini, na upepo wa kaskazi uisukume kando ya pwani mpaka Mombasa. Lakini kwanza, alisema, njia yote ipimwe wakati wa kiangazi, mto ukiwa umekonda na mifupa yake iko nje.

Nikamwambia tutakwenda wote, kwa sharti. Daftari nitalishika mimi. Kila mahali nitaandika ama "inapita" ama "haipiti". Tukikuta haipiti moja tu isiyo na dawa, mashua inabaki Tulia na mbao zake zinakuwa vitanda. Alikubali upesi, maskini, bila kujua kwamba mimi nilikuwa nakwenda kuitafuta hiyo haipiti kwa macho yote mawili.

Kanyangi, siku tatu bila sababu

Kanyangi tulikuwa tulale usiku mmoja. Tulikaa siku tatu, na kosa ni la ule ufito.

Kyalo alikuwa ametengeneza ufito mrefu wa kupimia kina cha maji, akaupaka rangi nyekundu na nyeupe kila futi moja. Ni kitu kizuri kukitazama. Lakini mtu akipita sokoni na ufito wa namna hiyo, nyuma yake mwanamke mwenye daftari, watu wanajua moja kwa moja: hawa ni wapima mashamba. Saa hiyo hiyo habari ilienea. Mwenyeji wetu, binamu yake Kyalo, alianza kupokea wageni ambao hajawaona tangu harusi yake.

Mzee mmoja alikuja na jogoo chini ya kwapa. Akaketi, akasifu mvua ya mwaka ule mwingine, akasifu mikono yangu kwamba ni ya mtu wa kuandika vizuri.

"Madam," akasema mwishowe, "ile katani yangu ya mpaka, kama mnaona imesonga kidogo, si mimi. Hiyo ni mchwa."

"Mzee, sisi hatupimi shamba. Tunapima mto."

Alilitazama daftari langu. "Sawa," akasema. "Basi mkimaliza mto, mkumbuke hiyo ni mchwa." Akaacha jogoo na kwenda zake.

Jogoo tulikataa kumla, tukamrudishia mwenyewe, na yeye akaona kwamba ameshindwa kesi. Jirani yake akaja kwa furaha na maziwa. Siku ya pili Kyalo aliwaita wote chini ya paa la binamu yake na kuwaeleza habari za pepo za kaskazi na kusi, na jinsi tanga linavyoshika upepo wa ubavuni. Walisikiliza kwa adabu, wakala chakula cha mwenyeji, muthokoi wa mahindi na kunde, wakaondoka wakiwa na uhakika zaidi kwamba ni wapimaji, na tena wajanja. Tulitoka siku ya nne alfajiri, ufito ukiwa umefungwa ndani ya shuka.

Mwamba

Lori linaweza kufika mtoni mahali pamoja tu. Kutoka hapo, mwendo wa nusu saa ukiteremka na maji, Athi unabanwa kati ya miamba miwili, maji yanakuwa ya kijani na hayaonekani yakisogea. Pande zote ni mawe matupu na mchanga. Kama mashua ingepita popote, ingepita katikati pale.

Kyalo alivua viatu, akaingia mpaka kifuani huku nikimshika kwa kamba, akatumbukiza ufito. Ulikwenda wote, na mkono wake ukaufuata. Akageuka kunitazama, uso mzima ukiwaka.

"Hapa ni mlango, Mwikali! Hata leo, kiangazi, inapita!"

Niliandika "inapita". Kalamu ilikuwa nzito.

Juu kidogo ya ukingo wanawake walikuwa wakichimba makinga-maji kwenye shamba la mmoja wao. Ilikuwa mwethya, kile kikundi cha kazi za pamoja, leo kwako kesho kwangu. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa aitwaye Mama Ndinda, aliteremka na jembe begani kuniuliza.

"Mama, mnatafuta nini hapo kwa maji? Hapo kuna mamba."

"Tunapima tu. Mwezi wa kumi na moja tutapitisha mzigo hapa."

"Mzigo kubwa?"

"Urefu hatua tisa. Kuinua ni watu kumi na wawili."

"Na mnapitisha hapa hapa, kwa hii shimo?"

"Hapo tu. Kwingine hakuna njia."

Aliangalia maji, akamwangalia Kyalo aliyekuwa akitetemeka ndani yake, akatikisa kichwa. "Woi, poleni," akasema. "Na nyinyi si vijana." Kisha akatuita tule nao.

Nataka mlione kosa langu hapa, maana ni langu, si la mtu mwingine. Ningeweza kusema neno mashua. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka kuchekwa Tulia na sikutaka kuanza kuchekwa upya Kanyangi. Kwa hivyo nilisema mzigo, nikala viazi vitamu vyao, nikashukuru, tukaenda.

Kuteremka na mto

Kutoka pale mpaka darajani tulitembea siku sita. Ningeweza kuwajazia kurasa, lakini ukweli ni kwamba siku moja ilifanana na nyingine: mchanga, jua, ufito, daftari. Usiku tulilala kwa watu, na hakuna aliyetukatalia. Mwaka ule ulikuwa wa pili baada ya njaa ile ya mahindi ya manjano ya msaada, na bado kila nyumba ilitoa sahani kabla ya kuuliza jina.

Nilitafuta haipiti yangu kwa bidii. Siku ya tatu nikaipata, au nilidhani nimeipata: safu ya mawe iliyokata mto kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yakipita chini yake kama panya. Nilikaa juu ya jiwe, nikafungua daftari, nikamngoja Kyalo afike aone.

Alifika akifuatana na mwenye mizinga ya nyuki, mzee wa kule aliyekuwa ametupa uji asubuhi. Mzee hakuyatazama mawe kabisa. Alinyoosha kidole kuelekea juu ya mti. Katika matawi, juu kuliko paa la nyumba, kulikuwa na majani makavu, vijiti, na kipande cha kiondo cha mtu, vyote vimenaswa kama kiota.

"Hiyo kiondo ilikuja na maji," akasema. "Novemba, hii mawe huwezi jua iko."

Kyalo aliupima ule urefu kwa macho, akaanza kuimba. Nikaandika "inapita". Tangu hapo nikaacha kutazama chini, nikatazama matawi, na kila mahali takataka za mafuriko zilikuwa juu, upande wa Kyalo.

Jambo moja zaidi la siku zile. Kila kona ya mto Kyalo alisimama, akapanua miguu, akageuza usukani usiokuwepo, kisha akaendelea kutembea. Hakujua kwamba namwona. Mtu wa miaka hamsini na saba, suruali imekunjwa mpaka magotini, anaendesha hewa. Nilimpenda sana wakati ule, na nilimkasirikia mto.

Nje ya miamba ya Mombasa

Darajani tulipata lori la mkaa, Kibwezi tukapanda treni, na Mombasa tukafikia kwa Bwana Saidi, fundi wa matanga aliyefanya kazi na Kyalo miaka yote ile. Saidi na mkewe walitulisha wali wa nazi na samaki mpaka nikaona haya. Yeye ana kimashua chake kidogo cha tanga moja, na ndicho kilichotupeleka kuupima mwisho wa safari: kutoka kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kupita mlango wa miamba, mpaka bahari kuu. Kule Sabaki Saidi anakujua, akasema maji ya Novemba yanatosha, nikaandika kwa maneno yake.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua zuri. Ndani ya hori Kyalo alikuwa mfalme. Alinionyesha kila kamba na jina lake. Tulipopita miamba na mawimbi yale marefu yakaanza kutuinua, akanyamaza katikati ya jina la kamba. Nikamtazama. Rangi ilikuwa imemtoka. Halafu aliinama upande wa bahari, na wali wote wa mke wa Saidi ukaenda.

Hakuacha. Saidi ilibidi ashike tanga kwa mkono mmoja na kola ya Kyalo kwa mkono mwingine.

"Bi Mwikali," akaniambia, "njoo hapa nyuma, ushike usukani. Ile minazi miwili waiona? Itazame hiyo hiyo. Usivute kwa nguvu, itakwambia yenyewe yataka nini."

Nilishika. Nitawaambia kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote wa Tulia. Ule mti wa usukani ulikuwa hai. Niliusogeza kidogo na mashua nzima ikanielewa, vile kitambaa kinavyokwenda chini ya sindano ukishajua kukiongoza. Tanga lilikuwa limejaa upepo, hatukuwa na injini wala ng'ombe wala mtu wa kusukuma, na tulikuwa tunakwenda. Nilicheka kwa sauti. Mimi, mshona sare za shule, nilicheka katikati ya bahari hadi kilemba kikanitoka.

"Huyu mkeo ana mkono," Saidi akasema.

Kyalo aliinua kichwa. Alinitazama mimi, akatazama minazi, akaona kwamba tunakwenda sawasawa. Macho yake yalikuwa na machozi, na si ya kutapika peke yake.

"Miaka ishirini na miwili," akasema. "Nilidhani nimeumbiwa hii kitu."

Tuliporudi nchi kavu nilimuuliza Saidi pembeni kama ugonjwa ule huisha. Akasema kwa wengi siku ya tatu huisha, kwa wengine hauishi. Kyalo mwenyewe, baada ya chai ya tangawizi, alitangaza kwamba atasafiri na ndoo. Nikaandika "inapita". Niliandika kwa sababu bahari ilipita, si kwa sababu yeye alipita. Na habari ya kucheka kwangu sikuitaja tena. Niliona haya kwamba nimefurahia kile kilichomtesa.

Sultan Hamud

Kurudi tulishuka Sultan Hamud, anakokaa mdogo wangu Mueni mwenye hoteli ndogo ya chai karibu na stesheni, ili tukate kupitia mji wa Wote na kuvukia Athi pale pale Kanyangi. Gari la Wote lilikuwa limeharibika. Fundi alisema kesho. Alisema kesho siku nne. Mueni alitulisha maharagwe na chapati na kuniambia kila nilipoingia jikoni kwamba nimekuwa mweusi.

Jirani yake ni mwenye duka la turubai na kamba, mzee wa Kisomali ambaye watu wake walitoka kaskazini mashariki. Kyalo alikwenda kuangalia kamba, akaishia kumsimulia safari yote. Nilijiandaa kwa kicheko. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, hakutabasamu, kisha akauliza swali moja.

"Maji ya kunywa unabeba kiasi gani?"

Kyalo akanigeukia. Nikafunua daftari kurasa zote, na hakukuwa na kitu. Sisi watu wa Kitui, ambao tunaianza siku kwa kuuliza maji yako wapi, tulikuwa tumepanga safari nzima ya majini bila mtungi mmoja.

"Mtu akiona maji mingi, anasahau," yule mzee akasema kwa upole. "Hata baba yangu alisahau, siku alienda kuona bahari." Akatufundisha jinsi ya kuhesabu: mtu mmoja, siku moja, joto, na akiba ya siku mbili kama upepo umekataa. Niliyaandika yote. Ulikuwa ukurasa wa kwanza niliouandika kwa moyo wangu mwenyewe, na nilishangaa.

Kurudi mtoni

Tulifika Athi kutoka upande wa Makueni, mchana, karibu mwezi mzima tangu tuondoke. Kabla ya kuona mto tulisikia nyimbo za mwethya. Kyalo akasema wanawake wale bado wanachimba, watu wa bidii kweli. Tukapanda mwamba.

Ule mlango haukuwepo.

Kati ya miamba miwili, pale ufito ulipokwenda wote, palikuwa na njia ya mawe. Mawe makubwa chini, magunia ya katani yaliyojaa mchanga juu yake, mawe bapa juu ya magunia, na vigingi vya mti mgumu kando vikishikilia vyote. Maji yalipita juu yake, hayafiki hata kwenye fundo la mguu. Ilikuwa pana kiasi cha punda wawili. Na hawa ni wanawake wanaojenga mabwawa ya mchanga kwenye vijito vya kwao kila mwaka. Wanachoweka mtoni, mafuriko hayakiondoi.

Mama Ndinda alituona, akatupa karai chini, akaja mbio.

"Mmerudi mapema! Bado layini moja tu!" Alimshika Kyalo mikono yote miwili. "Tulikuonea huruma, Baba Mumo. Mzigo ya watu kumi na mbili, na hiyo shimo! Nikaambia akina mama, hawa watu watakufa na mzigo wao. Wacha tuwatengenezee pahali pa kuvuka."

Siku kumi na moja walikuwa wamefanya kazi. Mawe waliyatoa kilima cha pili. Niliona mikono yao, na vidole vya mmoja wao vilikuwa vimefungwa kitambaa.

Nilimtazama Kyalo. Mnajua hana hasira, lakini hapo angekasirika ningemsamehe. Aliketi juu ya jiwe. Kisha akavua viatu, akakunja suruali, akaivuka njia ile mpaka upande wa pili, hatua kwa hatua, akarudi.

"Ni imara," akawaambia. "Nimefanya kazi na mafundi maisha yangu yote. Hii imejengwa. Asanteni sana, akina mama. Mungu awabariki."

Wakapiga vigelegele. Yeye akaja akasimama karibu nami, akasema chini chini, "Andika."

"Niandike nini?"

"Unajua. Makubaliano ni makubaliano. Hata Novemba, maji yakiruka ukuta huu kwenye mbano, mashua itapasuka. Juu ya hii haipiti, na lori halifiki chini yake. Umeshinda, Mwikali." Akajaribu kutabasamu. "Tutapata vitanda vizuri sana."

Nilikuwa na daftari mkononi na kalamu. Mwezi mzima nilikuwa nimetembea nikiitafuta haipiti, na sasa niliwekewa mbele yangu, tena kwa mapenzi, na mimi ndiye niliyeiagiza kwa mdomo wangu. Azeeke, nilikuwa nimesema. Basi sasa atazeeka. Nikamwona anazeeka, kando ya jikoni langu, juu ya kitanda cha mbao za mashua, akicheka na wazee wanaopita. Sikuweza kuandika. Nililia mbele ya watu.

"Mama Ndinda," nikasema, "niliwaficha. Si mzigo wa kuvuka. Ni mashua. Ilikuwa ishuke na maji, ipite hapa katikati, iende mpaka baharini. Niliona aibu kusema."

Mtu akauliza kwa nyuma, "Mashua gani?" Nikaeleza, kwa Kikamba, yote, na tanga. Halafu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikapita kwa wote, wengine wakiketi chini kwenye mawe yao wenyewe wakishika mbavu. Mama Ndinda alicheka mpaka akanishika bega asianguke.

"Woi, na sisi tumemfungia mto!" akasema akijifuta macho. "Si ungesema! Kesho tunatoa. Tulipanga sisi, tutapangua sisi."

"Hapana," Kyalo akasema. Aliwaelekeza kwa kidole. Wakati tukizungumza, mwanamke mjamzito alikuwa ameshaivuka ile njia akitoka upande wa Makueni, viatu mkononi, kikapu kichwani, hata hakutazama chini. "Hapa hapatolewi jiwe. Watu wanavuka."

Mama Ndinda aliangalia yule mwanamke, akaangalia njia, akamrudia Kyalo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu.

"Ulisema watu kumi na mbili ndio wanainua?"

"Kumi na wawili wenye nguvu."

"Sisi tuko arobaini na tatu." Akageukia wenzake, sauti ikapanda. "Hii mawe yote ilikuja hapa na miguu yake?"

"Aaai!" wakakataa kwa pamoja.

"Basi Baba Mumo, sikia. Hiyo mashua yako ikifika hapa juu ya njia, pigeni kelele. Tutakuja tuitoe kwa maji, tupite nayo hapa kando juu ya mwamba, tuiweke upande huu ingine. Iende kwa bahari." Kisha akanielekezea kidole mimi. "Lakini hiyo ni mwethya yako wewe. Utapika. Na usipike kidogo ukisema umeona aibu."

Nikaandika: inapita, mabegani.

Tulipokuwa tukipanda kuelekea Kanyangi nilimwambia Kyalo habari ya usukani, jinsi ulivyokuwa, na kwamba nilifurahi, na kwamba nilimficha na hilo pia. Alisimama njiani. Nilidhani ataumia. Aliniuliza tu kama niliweza kuhisi mashua ikitaka kugeuka kabla haijageuka. Nikasema ndiyo. Akasema yeye, kabla ya kuanza kutapika, hakuhisi kitu. Tukatembea kidogo, kisha akanishika mkono, jambo ambalo mnajua watu wa umri wetu hatulifanyi barabarani.

Basi ndivyo ilivyo. Mimi nitakaa nyuma na usukani, yeye atakaa mbele na tanga lake na ndoo yake, na mwanetu Mumo atatushonea sare za shule mpaka turudi. Nyinyi mlioniambia nimzuie, nilijaribu, mnaona. Mkiniuliza kama bado naogopa, naogopa sana. Lakini hofu yenyewe imebadilika.

Jumapili iliyopita mlikuwepo kanisani tulipoombea mvua. Kila mtu alitaja chake: mahindi, pojo, ng'ombe waliobaki. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimepiga magoti karibu na Kyalo, na mlinisikia nikisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Bwana, jaza Athi." Kyalo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema amina.